Dakika Tatu

Padri amesema dakika tatu, zisizidi,
kwa kuwa saa tano kuna maiti mwingine
na kanisa letu la Ruda lina baridi ya kutafuna.

Nimekaa jikoni tangu usiku wa saa mbili.
Nimeandika: Baba yangu, Alojzy, alikuwa mtu wa watu.
Nimefuta. Hakuwa mtu wa watu.
Alikuwa mtu wa njiwa.

Miaka thelathini na mmoja alishuka mgodini,
akapanda na vumbi la makaa kwenye kope
kama bibi harusi aliyetiwa wanja.
Mama alimcheka hivyo, naye alipenda kuchekwa.
Niliandike hilo? Shangazi Hildegarda atanuna.

Nimeandika: Alitupenda.
Kalamu imegoma.
Siku ya harusi yangu alikuwa juu ya paa,
saa mkononi, shingo imekazwa magharibi,
akimngoja njiwa wa kijivu aliyeachiwa Ubelgiji.
Aliingia ukumbini keki imekwisha,
unyoya begani.
"Amerudi," akaniambia, machozi yakimlenga.
Nikampa mgongo. Miaka miwili.

Marehemu hasemwi vibaya, najua.
Lakini nikimsugua mno
hatatambulika hata na mama huko aliko.

Saa tisa nimepanda darini kuwalisha.
Wanalia kwa chini, kama sufuria inayotokota.
Daftari lake linaning'inia msumarini kwa uzi:
namba za pete, saa za kurudi, upepo.
Kurasa mia, hakuna neno la moyo hata moja.
Kisha, tarehe niliyohamia Gdańsk,
kwa mwandiko uleule wa tarakimu:

Halszka ameondoka, 12.40. Upepo wa kaskazini.

Na chini yake, Jumapili kwa Jumapili,
Bado.
Bado.
Bado. Mvua.
Bado,
hadi ukurasa ukageuka, na mwingine, na mwingine.
Halafu: Amefika, 3.15. Na mtoto.

Siku ile nilimkuta mlangoni akifuta mikono.
Aliniuliza kama treni ilichelewa.

Karatasi za jikoni nitawashia jiko.
Asubuhi nitasoma kurasa hizi kama zilivyo,
bado zote, hata padri akikohoa.

Kabla ya kushuka nimechukua penseli yake,
nimelamba ncha kama alivyokuwa akilamba,
nimeandika:
Alojzy ameondoka, Jumanne, 10.05. Upepo hakuna.

Mstari wa chini nimeuacha mtupu.
Mkono ulitaka.