Lori Halinywi Chai

Meza yangu iko Changamwe, mkabala na geti la makasha.
Mahamri, mbaazi za nazi, chai ya tangawizi.
Miaka kumi na saba nimewajua madereva kwa matumbo yao:
Kitsao hula manne, Musyoki hutaka mchuzi uongezwe,
yule wa Malaba hukopa akienda, hulipa akirudi.

Mwezi wa Rajabu likapita la kwanza.
Usukani wazunguka wenyewe,
mkanda umefungwa, haumkumbatii mtu.
Likasimama kwenye taa kwa adabu ya bwana harusi,
likawasha indiketa, likaenda zake.
Halikununua hata hamri moja.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Mgeni huyu hakubisha hodi.

Mkutanoni, bwana wa kaunti alisema uchumi sasa una mbawa.
Tukapiga makofi.
Nikamuuliza mbaazi nazo zitarukaje.
Akacheka. Hakuandika.

Mpwa wangu Mbodze yuko Miritini,
ghala lililokuwa la kahawa, bado lanukia.
Hulehemu nyaya nyembamba kama nywele za mtoto mchanga.
Droni zake hupeleka damu Msambweni,
hurudi mabawa yameota kutu.
“Shangazi,” aniambia, “walioziunda hawaijui chumvi yetu.
Hapo ndipo tunapolia ugali.”

Kitendawili.
Tega.
Lina macho kumi na mawili, halina tumbo.

Nililifumbua mwenyewe, adhuhuri moja ya vumbi la saruji.
Lori limeganda katikati ya barabara, limepofuka,
honi nyuma yake hadi Jomvu.
Nikatoka na kitambaa cha meza na maji vuguvugu,
nikalipangusa jicho baada ya jicho,
kama nilivyowapangusa wanangu tongotongo.
Likapepesa. Likaondoka.
Asante sikusikia.

Jioni akaja kijana wa kampuni, viatu vyeupe, aniulizia.
Tukavutana bei mpaka maghrib:
shilingi hamsini kwa lori,
na sabuni ni yake.

Sasa tuko sita. Ndoo, vitambaa, ngazi fupi.
Musyoki naye yumo;
leseni yake ya magari makubwa
ndiyo anayokwangulia tope kwenye vioo.
Yafaa, asema, ina ncha nzuri.

Kitsao hajaonekana tangu Ramadhani.
Manne yake bado nayakaanga, nayafunika kwa sahani.
Saa nne nayafunua,
nakula moja, nampa Musyoki mawili.
Moja naliacha.