Wanatupa namba tu

Mwaka wa tisa tangu mlima uliposhuka hadi ziwani,
tunakata Kitabu, wanawake kumi na wawili,
ndani ya depo ya zamani ya maharage pale Birere.
Baraza limesema vidole vyetu ni vyembamba, vinafaa wembe.
Limesema pia tusisome.
Wanatupa namba tu, sura na mstari, kwenye karatasi ya kijani.

Mimi ni Kasoki. Nilikuwa nauza sambaza
kabla haijaja ile amri ya barua ya mume.
Sasa nakata vipande mia mbili kwa siku
kwa kilo mbili za unga.

Wa ishirini na mbili ubaki, ule wa wake kutii.
Wa ishirini na moja utoke, ule wa kutiiana wote.
Wa ishirini na tano utoke; huo unawadai waume,
na deni la waume halihubiriwi siku hizi.
Mwamuzi yule aliyeketi chini ya mtende,
wanaume wakipanga foleni kungoja neno lake: nje.
Mabinti watano waliodai shamba la marehemu baba yao,
na Mungu akasema wana haki: nje.
(Yule wa mwisho nimemficha chini ya goti. Sijui kwa nini.)
Na wale waliofika kaburini kabla wanaume hawajaamka,
hao wametolewa kwa mkupuo, mistari kumi,
tukabaki na jiwe lililojiviringisha lenyewe
na habari iliyojitangaza yenyewe.

Jioni chukudu hubeba magunia ya vipande
hadi jikoni kwa walinzi. Huko vinawashia makala.
Harufu ya sombe yao inapita Mabanga yote,
nasi tunajua ni nani anaungua chini ya sufuria.

Msimamizi wetu, Bisimwa, si mtu mbaya.
Hilo ndilo linalonichosha.
Hutuletea chai. Hutuulizia watoto.
Kisha huvaa miwani na kusoma kwa sauti
ule waliouacha mzima, wa mwanamke na kunyamaza,
polepole, kama mtu anayehesabu noti
asizozitolea jasho.
Jana Kavugho akauliza: "Na unaofuata?"
"Haupo."
"Lakini namba inaruka, Bwana."
Akanywa chai yake.

Bibi yangu hakujua a wala be.
Lakini alipotwanga sombe Kitabu kilimtoka kinywani kizima,
mchi chini, mstari juu,
waume wakiwamo, na deni lao likiwamo.
Ni wembe gani ungemfaa yule?

Leo nimeinua ukurasa kuelekea dirishani.
Vumbi jeusi la lava lilikuwa likielea kwenye mwanga.
Pale nilipokata pamekuwa tundu, upana wa vidole viwili,
na tunduni ukachungulia ukurasa wa nyuma,
maneno ambayo hakuna aliyeyapa namba.
Nikasoma bila kusimama, kutoka mstari wao hadi shimo langu:

mwanamke na anyamaze
                                        hata lini?

Sikumwonyesha mtu.
Nimekifunga, nimekigonga muhuri wa Baraza,
kimeingia sandukuni na wenzake, kwenda kanisa la Himbi.
Zimebaki nakala mia nne.
Nimeanza kukata kwa uangalifu zaidi.