Kiasi

Kitabu cha mwongozo lazima kifike kurasa arobaini,
alisema wakili Makokha, ofisini kwake
juu ya duka la misumari, huku Kisumu.
Bila kitabu, jina haliuziki.
Bwana Wepukhulu wa Mbale ameshakodi chumba,
ameshapaka ukuta buluu yetu,
karibu buluu yetu,
anasubiri tu aambiwe chumvi ni gramu ngapi.

Nikanunua mizani Kibuye, ile ndogo ya wapima dhahabu.
Nikasimama kando ya karai la mama,
na kila alipotaka kutia chumvi
nikaukinga mkono wake.
Kumi na moja.
Kumi na nne.
Tisa na nusu.
Mbona hivyo, mama?
Huyu ana maji, akasema. Yule amelala kwenye barafu.
Na huyu katoka Dunga alfajiri, bado ana hasira.
Andika: kiasi.

Siwezi kuandika kiasi. Kifungu cha sita kinasema
ladha ya Kisumu na ladha ya Mbale
zisitofautiane, la sivyo mkataba umevunjika.
Nikajumlisha, nikagawanya kwa tatu,
nikaandika: gramu kumi na moja na nusu,
chumvi ambayo hakuna samaki wetu aliyewahi kutiwa.

Na mafuta, yawe moto kiasi gani?
Yakinyamaza.
Yakinyamaza vipi?
Yanaanza kwa kelele, yananong'ona, halafu yananyamaza.
Wewe umekulia wapi?
Kipimajoto cha kwanza kilikuwa cha plastiki, kikajikunja.
Cha pili kikasema mia na themanini.
Nikaandika mia na themanini.
Ukimya nikauacha nje,
sikujua niuweke ukurasa gani.

Kwenye mrabaha tulikwama siku mbili.
Asilimia tano. Lakini shilingi yao na shilingi yetu
zinachangia jina tu:
ya kwao huibeba kwa mfuko hadi Malaba
ukarudi nyumbani na noti za kuhesabika.
Mama akauliza, na jina langu je,
likivuka litabaki na uzito gani?
Itakuwaje kibao kiseme *Kwa Adikinyi*
na Adikinyi mwenyewe yuko huku anaparua magamba?
Wakili akacheka, akadhani ni utani.
Akagonga muhuri.

Nandutu, msimamizi, alikuja kujifunza siku kumi na nne.
Kitabu alikisoma usiku mmoja.
Siku zilizobaki alitazama kifundo cha mkono wa mama,
akatazama, akatazama,
hata mama akaniambia kwa Kijaluo, huyu msichana
atanimaliza kwa macho.
Alipoondoka alibeba kitabu mkobani
na pakiti moja ya chumvi yetu,
kana kwamba Mbale hakuna chumvi.

Ijumaa ya ufunguzi, saa tano kasoro, simu ikalia.
Dada, ukurasa wa kumi na moja umeniangusha.
Nimefuata gramu, nimefuata joto,
wateja wamejaa hadi mlangoni,
na samaki anatoka kama sabuni.
Nikafungua nakala yangu. Nikaanza kumsomea
kile kile alichokuwa anasoma.

Mama akaninyang'anya simu kwa mkono wa mafuta.
Samaki wana maji?
Wana maji.
Basi ongeza.
Kiasi gani, mama?
Kiasi.
Kimya kidogo. Kisha nikasikia, kwa mbali,
ng'ambo ya Malaba, mtu akisema: eeh. Sawa.

Sasa sogeza simu karibu na karai, mama akasema.
Karibu zaidi, usiogope, si yako ni ya kampuni.
Akazima moto wake mwenyewe ili asikie vizuri.
Wateja wetu wakamtazama.
Mtu mmoja akaomba pilipili, akanyamazishwa kwa kidole.

Kelele.
Mnong'ono.
Senti za simu zikiyeyuka, sijui kwa shilingi ipi.

Bado, akasema mama, amefumba macho.
Bado.

Weka.