Kebo

Saa nne usiku, Lang'ata, Julai ya manyunyu,
na kebo ya karavani imekataa kuingia.
Mita moja na nusu imening'inia nje ya tundu lake
kama ulimi wa ng'ombe aliyepanda mlima,
na alfajiri tunaondoka, mimi na Mama,
siku nne tu, Baringo, akaone tena ziwa
alikofundisha shule kabla sijazaliwa.

Nilianza kwa kuchomoa plagi ukutani.
Umeme sina mzaha nao:
hita ya maji ya nyumba yetu ya zamani
iliwahi kunirusha hadi mlangoni.
Kisha nikasukuma.
Kebo ikaingia shubiri moja, ikagota, ikarudi.
Nikasukuma tena.
Ikarudi vilevile, kwa adabu,
kama mgeni anayesema ameshiba.

Nyamweya, kaka yangu, kwenye simu, kutoka Rongai:
"Ikate tu. Kirinyaga Road zimejaa."
Yeye hukata. Ndiyo tabia yake.
Hata simu aliikata kabla sijamjibu.

Nikaleta sabuni ya kipande. Nikaleta mafuta ya kujipaka.
Nikaipaka kebo yote, nikalipaka na tundu,
mpaka ubavu wa karavani ukanukia
kama mtoto aliyetoka kuogeshwa.
Haikusogea.
Kila nilipoinua kichwa kupangusa mvua
pazia la dirisha la jikoni lilishuka.

Lenaiyara, mlinzi wetu, akaja na mwavuli wake
wenye jina la kampuni ya bima iliyofilisika.
Akatazama muda mrefu, tochi mdomoni.
Akaitoa tochi, akasema:
"Ndama akikwama njiani, humvuti.
Unamrudisha ndani kidogo, unapapasa,
ujue ni mguu au ni shingo."
Akarudi langoni kwake.
Mwavuli akaniachia.

Basi nikaingia ndani kupapasa.
Chini ya kitanda kuna kijisanduku ambamo kebo hujikunja.
Skrubu nne. Ya nne ilikuwa imeshika kutu,
ikanila ngozi ya kidole gumba.
Nikainua ubao. Nikamulika.

Kigoda cha Mama, kile cha miguu mitatu,
na kebo imejizungusha mguu mmoja, mara mbili, barabara.
Juu ya kigoda, blanketi la majira ya baridi.
Ndani ya blanketi, sufuria ya ugali na mwiko wake.
Ndani ya sufuria, picha ya Baba, imetolewa kwenye fremu.
Na pembeni, jembe. Jembe bila mpini,
limefungwa gazeti kama nyama ya buchani,
pamoja na bahasha ya benki
iliyoandikwa kwa hati ya ualimu: MNAVU.

Siku nne, Mama.
Nilikwambia siku nne.
Na mnavu, Baringo, kwa jua lile!

Nikakaa sakafuni. Mvua ikapiga bati juu yangu.
Nilikumbuka chumba tulichompa, kinachotazama ukuta;
jinsi anavyouliza kila jioni, "Leo mmefunga lango?"
na sisi tukidhani anaogopa wezi.

Niliinua mguu wa kigoda, kidole kimoja tu,
na kebo ikalegea yenyewe.
Nikatoka nje nikaisukuma,
ikaingia yote, hadi kifuniko kikasema tap.

Kisha nikarudi ndani.
Nilikipanga kigoda upya, mbali na kebo.
Blanketi nikalikunja. Sufuria nikaifunika.
Bahasha ilikuwa imeanza kulowa kwa mikono yangu
nikaihamishia kwenye droo ya vijiko, pakavu.
Nikarudisha ubao. Skrubu tatu.
Ya nne niliitia mfukoni.

Jikoni alikuwa ameketi gizani na vikombe viwili.
"Imeingia?" akauliza.
"Imeingia."
Akanimiminia chai. Akatazama kidole changu, damu,
na sabuni iliyoganda kwenye kucha.
"Ilikuwa imeshikwa na nini?"

Nikanywa kwanza. Chai ilikuwa na tangawizi nyingi mno.
"Tutahitaji mpini," nikasema.