Kiti

Mtambo umemeza ukurasa wa mwisho.
Natoka Barabara ya Lusaka saa saba na robo,
wino kwenye kucha,
kibali kimekunjwa mara nne mfukoni,
barakoa imelowa pumzi za tangu jioni.
Leo tanzia zimejaza kurasa tatu.
Kazi yangu ni nukta na mkato,
kuhakikisha marehemu ana mume, ana wana,
na kijiji chake hakikukosewa herufi.
*Mazishi ni ya watu kumi na watano tu.*
Sentensi hiyo nimeisahihisha hadi siioni tena.

Baiskeli ni ya Shiundu, aliyekuwa akichuuza maziwa.
Alirudi kwao kabla mipaka ya jiji haijafungwa,
akaniachia, akasema: itunze, hiyo ina maneno.
Kweli. Kila shimo inalijibu
kwa kengele isiyoguswa na mtu.

Sikujua Nairobi ina sauti ndogo hivi.
Karibu na Uwanja wa Nyayo makorongo wamelala wima mitini
kama miavuli iliyosahauliwa baada ya mvua.
Mmoja akakohoa.
Mtaroni vyura wanabishana, hawana kafyu.
Taa ikawa nyekundu,
na hapakuwa na wa kumzuia.
Nikasimama.
Mguu mmoja chini, peke yangu,
kama mtoto aliyelelewa vyema.
Ikawa kijani. Nikaishukuru.

Uhuru Highway njia zote ni zangu.
Nikafuata mstari mweupe wenyewe,
cheni ikinong'ona, dinamo ikiguguna tairi,
na mwanga wangu mdogo ukikimbia mbele
kama anayejua tunakoenda.

"Wewe! Simama hapo hapo!"

Mwaka huu tumewaona waliovunjwa mbavu
kwa dakika tano za kuchelewa.
Mtaani kwetu tunawajua kwa majina.
Nikashuka, mikono juu.
Baiskeli ikaanguka, kengele ikasema yake.

Alisoma kibali mara mbili, tochi kwapani.
Kifuani: EKIDOR.
Kijana, mrefu kuliko kivuli chake.
"Wewe ndiye unaandika watu wakifa?"
"Wanaletwa wameandikwa. Mimi naweka mkato."
Akanyamaza.
Kisha, kama anayeuliza bei:
"Nyanya yangu hakuandikwa. Lodwar ni mbali.
Nilizikiwa kwa simu, nikiwa hapa, zamu."
Akaitazama baiskeli.
"Hii ina breki?"
"Ya nyuma tu."

Akatoa spana chini ya kiti, akakipandisha
kwa ajili ya ile miguu ya kwao,
akapanda.
Akazunguka raundiabauti ya Bunyala mara moja,
mara ya pili,
buti zikigonga pedali,
bunduki mgongoni kama mtoto aliyelala.
Nikabaki na tochi yake mkononi,
mimi sasa ndiye askari,
nikimmulikia lami.
Mara ya tatu aliachia mikono.
Ya nne alikuwa analia au anacheka,
barakoa haisemi.

Alinirudishia bila kunitazama.
"Kata Valley Road. Haile Selassie kuna wenzangu.
Wale hawapandi baiskeli."

Valley Road niliisukuma kwa miguu.
Gitanga, mbwa wa wenye nazo
walinibwekea kwa zamu, geti hadi geti,
wakinikabidhi kama barua.
Kisha Kawangware, giza, harufu ya makaa yaliyozimwa kwa maji.
Nyuma ya mabati mtu akakohoa.
Nikasubiri.
Hakukohoa tena.
Nikashukuru, halafu nikaogopa.

Jioni ya pili nikipanda kwenda kazini
vidole vya miguu havikufika chini.
Kiti kilikuwa bado juu,
kimo cha mtu mwingine.
Spana ninayo.
Sijakishusha.