Viti Mia na Ishirini

Nina viti mia na ishirini, vya plastiki, vya bluu,
kila kimoja nimekiandika mgongoni kwa rangi nyeupe: KONDO.
Si kiburi. Ni ule msiba wa kwa Shomvi,
ulioondoka na viti vyangu saba, na hadi leo
ukipita nyuma ya soko utakiona kimoja,
kimekaliwa na mbuzi.

Miaka miwili vilibebana ghalani
kama sahani za mtu asiye na wageni.
Misiba ilivitoa nje, ndiyo; msiba hauchagui ukumbi.
Furaha ndiyo iliyokuwa ikipanda gari:
kumbi za mjini zenye taa za kuzunguka,
keki ya kuagiza, mpambaji wa kuagiza,
na sisi watu wa Kongowe tulichanga, tukavaa,
tukavuka daraja la Mzinga,
tukarudi usiku wa manane na njaa, viatu mkononi.

Mpaka kikao cha nne cha harusi ya Sikudhani.
Mweka hazina, Bi Mwajabu wa genge la nyanya,
alifunga daftari, kidole chake kikabaki ndani.
"Milioni mbili na laki sita," akasema. "Imetoka wapi?"
Kimya.
"Imetoka kwenye nyanya. Kwenye cherehani ya Chingwile.
Kwenye vitumbua vya mtu fulani humu anayejifanya kasinzia.
Halafu mnataka nikaimwage Sinza?"

Katibu akataja hadhi. Akataja wageni wa bwana harusi,
watu wa Mbezi, watu wa viyoyozi.
"Hadhi," Mwajabu akajibu, "haijawahi kulipa kodi ya fremu."

Basi tukafunga uchochoro, kutoka mashine ya kusaga
mpaka mlangoni kwa Chingwile.
Mwasiti alisuka vichwa kumi na tisa tangu Alhamisi,
vidole vikamvimba, akawa anashika kikombe kwa viganja.
Kijana wa spika alikuwa jirani, kwa hiyo alichelewa.
Pilau nayo ilichelewa.
Jenereta lilizimika mara mbili, na mara ya pili
tukasikia bibi harusi akicheka gizani,
kicheko ambacho hakuna ukumbi ungekipangisha.

Mama mmoja wa Mbezi, mwenye miwani, alishika pindo
la gauni la mpambe, akaligeuza ndani nje
kama anayekagua samaki.
"Nani kashona?"
Chingwile akakosa karatasi. Akaandika namba yake
kwenye kiganja cha yule mama, kwa chaki ya kukatia nguo.

Sisemi tumeokoka.
Duka la misumari bado limefungwa,
kufuli lake limeota kutu ya rangi ya chai.
Harusi moja si masika.
Lakini Jumatatu Mwajabu alinilipa, na ndani ya malipo
mlikuwa na noti ya elfu kumi iliyochanika, imeungwa kwa utepe.
Nikamlipia Nambunga deni la vitumbua.
Jumatano ikanirudia, noti ile ile, utepe ule ule,
mkononi mwa muuza mkaa,
amekuja kuweka viti arobaini vya maulidi.
Nilimwangalia. Akadhani naikataa.

Jioni nikahesabu viti. Mia na kumi na tisa.
Nikaanza kuzunguka na hasira yangu,
nikapita kwa mbuzi, nikapita mashineni,
nikakikuta kwa Chingwile, KONDO ukutani,
na juu yake yule mama wa miwani
anasubiri kupimwa mabega.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo.
Ndipo nikamwona mdogo wake, au shoga yake, sijui,
amesimama mlangoni, anabadilisha miguu.

Nikarudi ghalani.
Usiku, kwenye daftari, niliandika: 118.