Vidole Viwili

Chuma cha kupimia mizigo, Ponta Delgada,
kimemeza mwili, kimekataa shingo:
vidole viwili vya gitaa vimebaki nje.
"Litashuka tumboni mwa ndege," asema kijana wa zamu.
Deolinda hamjibu bado. Alegeza nyuzi,
moja, moja, kama anayemfungua mtoto vifungo,
kisha: "Huko chini kuna baridi.
Wewe ungemlaza nani huko?"

Nyuma yetu foleni yakohoa.
Kijana atazama saa, atazama mlango,
ageuza uso.
"Pita."

Sasa limelala mapajani pake, juu ya koti,
na injini zinapoanza kunguruma
uzi ule mnene, uliolegea,
waitika wenyewe,
kwa sauti ya mtu aliyeamshwa usingizini
kabla hajakumbuka jina lake.